Gari la Kulala Safarini: Hewa Kwanza, Kitanda Baadaye

Tunaandika kutoka Githongo. Somo letu safari hii ni la kazi ambayo kikundi chochote chenye umoja kinaweza kuifanya: kugeuza matatu kuukuu iwe gari la kubeba mazao mchana na kulala watu usiku. Sisi tuliifanya kwa mikono yetu. Tulikosea pia, na kosa lenyewe nusura litunyang'anye akina mama wawili. Ndiyo maana tunaandika.

Shida iliyotusukuma

Sisi ni wakulima wa ndizi, nduma na maparachichi. Tunauza Nanyuki, na anayetaka bei nzuri huko ni lazima awe sokoni alfajiri. Kwa hivyo wauzaji wetu walikuwa wakitoka hapa jioni na kulala juu ya magunia, ama kulipa chumba. Pesa za chumba zilikula faida. Kulala nje nako kulikuwa baridi na hatari, hasa kwa akina mama. Mkutano ukaamua: tuchange, tununue matatu ya abiria 14 ambayo imechoka bodi lakini injini bado nzima.

Kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Matatu nyingi za zamani zilikuwa pick-up ambazo mafundi waliziongezea bodi na mabenchi. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni maalum, na biashara ikapanuka. Huko Ujerumani nako, mwaka wa 1951, kampuni ya Westfalia ilitoa sanduku lenye vifaa vya kulala na kupikia, la kuwekwa ndani ya gari la Volkswagen. Hilo sanduku liliweza kutolewa, gari likarudi kazi yake ya kawaida. Nasi tulitaka hivyo hivyo.

Kosa letu

Tulianza na kitanda. Kilipendeza! Halafu tukapambana na baridi. Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta, basi tukaziba kila ufa wa milango na madirisha kwa mpira na sponji. Fundi akatusifu kwamba hata upepo hauingii.

Usiku mmoja wa Julai wauzaji wawili walipika nje, wakala. Baridi ilipozidi, mmoja akaingiza jiko ndani. Makaa yalikuwa yameshika vizuri, mekundu, hayatoi moshi. Wakafunga mlango, wakalala.

Usiku wa manane mmoja aliamka kichwa kikimgonga na roho ikimchafuka. Alidhani ni chakula. Akafungua mlango ili atapike nje, lakini miguu ikakataa, akaanguka. Mlinzi wa soko alisikia kishindo akaja mbio. Akauliza, "Mama, uko na nani ndani?" Alipomulika ndani na kumwita yule wa pili, hakuitika. Walimburuta nje, wakatafuta gari, wakawakimbiza wote hospitalini, wakawekewa oksijeni. Wako hai, na wanaendelea na kilimo.

Katika mkutano uliofuata, yule aliyeingiza jiko alilia mbele yetu. Tulimwambia ukweli: jiko liliingizwa na mmoja, lakini nyufa tuliziba sote.

Adui asiyeonekana

Makaa yanapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Watu wengi hudhani kwamba jiko likiisha moshi limekuwa salama. Sivyo. Sumu hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hivyo mwili hukosa hewa ingawa mtu anapumua. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kuchanganyikiwa. Wawili wakiumwa kichwa pamoja ndani ya chumba chenye moto, msingoje asubuhi. Fungueni milango, tokeni nje, mtoeni aliyelala, na mwende hospitali hata kama mnajisikia nafuu. Haya yanahusu nyumba zetu pia, si gari pekee.

Jinsi tulivyolitengeneza upya

*1. Hewa.* Tulikata matundu mawili, moja chini ubavuni na jingine juu upande wa pili, kila moja kama upana wa kiganja. Tuliyafunika kwa wavu wa chuma, na hayana kifuniko cha kufunga. Mashimo ya sakafuni ni jambo jingine: hayo yazibwe, maana moshi wa ekzosi hupanda kupitia hapo. Usilale injini ikinguruma. Tena kumbukeni: matundu haya ni ya kupumua tu, hayaruhusu jiko kuingia. Jiko hubaki nje, lenye moto au lenye majivu ya moto. Stovu ya gesi au ya mafuta ya taa pia ni ya nje.

*2. Joto.* Bati la gari hunyonya joto la mwili. Basi usilale juu ya sakafu. Inua kitanda, weka godoro la sponji, na funika kuta kwa plaiwudi nyembamba. Chemsha maji nje, jaza chupa ya mpira, izungushie kitambaa, weka miguuni. Blanketi mbili na chupa hiyo zimetutosha tangu siku ile.

*3. Kitanda.* Ni masanduku ya plaiwudi yaliyopangwa pamoja. Ndani yake huwekwa mizani, sufuria na matandiko. Tuliyafunga kwa bolti kwenye matundu ya viti vya zamani. Msitumie misumari. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla, sanduku lililolegea humrukia kichwani. Yakifunguliwa bolti, masanduku hutoka na gari hubeba mizigo mitupu.

*4. Uzito.* Soma kwanza kibao cha uzito cha gari lako. Sisi tulihesabu hivi: watu 14 wa kilo 70 ni kilo 980. Tukatoa:

– dereva na wauzaji wawili: kilo 210
– plaiwudi 4 za milimita 12, futi 8 kwa 4, karibu kilo 20 kila moja: kilo 80
– godoro na matandiko: kilo 30
– maji lita 40: kilo 40
– betri ya pili: kilo 25

Jumla ni kilo 385. Zikabaki kilo 595, yaani magunia sita ya kilo 90, na nafasi kidogo. La saba halipandi, hata mwenye gunia akiwa mwenyekiti.

*5. Mwanga.* Hakuna mshumaa wala koroboi ndani. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Tumia nusu tu ili isiharibike, yaani 300. Balbu ya wati 5 ikiwaka saa nne hutumia 20. Kwa hivyo balbu haimalizi betri. Kinachoiua ni waya mbovu. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, na sanduku la betri lipate hewa kutoka nje, kwa sababu betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

*6. Sheria.* Gari likiacha kubeba abiria, umbo na kazi yake vimebadilika. Nendeni NTSA mpate kukaguliwa na kurekebishiwa logibuku. Ondoeni mstari wa manjano uliokuja na masharti ya matatu ya 2004. Waelezeni watu wa bima ukweli, maana bima ya kazi nyingine haitawalipa. Na gari likitembea, kila mtu akae kwenye kiti chenye mkanda. Kitanda ni cha gari lililosimama.

Mwisho

Tulitumia wiki tatu kutafuta mbao nzuri, na hatukutumia hata dakika moja kuuliza wenzetu watapumua vipi. Ukipewa gari kama hili, ukapenda kusifu kitanda, kwanza tafuta matundu ya hewa. Usipoyaona, lala nje.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni nani kati yetu huingiza jiko ndani wakati wa baridi? Tutamsaidiaje apate joto kwa njia nyingine?
2. Kwa nini makaa yasiyo na moshi yanaweza kuua?
3. Fanyeni hesabu ya uzito wa gari mnalotumia kupeleka mazao. Je, linazidisha?
4. Kosa likitokea katika mradi wetu, tunatafuta wa kulaumiwa, au tunatafuta ufa?