Jani au Doa la Madini? Kutambua Visukuku vya Mimea katika Miamba ya Bonde la Ufa

Neno kisukuku hutajwa kwa maana ya mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa mwambani. Ugumu huanza linapobandikwa kila umbo linalofanana na mmea. Katika nyufa za miamba, maji yenye manganizi huacha vitawi vyeusi vyembamba ambavyo wengi huvidhania kuwa mmea. Hilo ni doa la madini, si kisukuku.

Jani lina ukingo dhahiri, mshipa mkuu katikati, na mishipa midogo inayoungana kama wavu. Doa halina mshipa mkuu wala ukingo. Hutawanyika tu kutoka kwenye ufa, pengine hata likakata tabaka. Mara nyingi jani lenyewe limekwisha kuoza, ikabaki chapa yake. Hata hivyo chapa hiyo ni kisukuku kamili.

Mfano bora uko kaskazini ya Nakuru, huko Kabarsero katika Milima ya Tugen, Baringo. Zaidi ya miaka milioni 12 iliyopita, majivu ya volkano yalifunika majani ya msituni. Mwaka 1987 Bonnie Jacobs na Christine Kabuye, kwa kuyalinganisha na majani ya mimea ya leo, walionyesha kwamba palikuwa na msitu wa mvua, mahali ambapo sasa ni pakavu.

Kariandusi, karibu na Gilgil, mambo ni kinyume. Mwamba mweupe mwepesi wa huko, uliotuama ziwani, umefanyika kwa magamba ya dayatomu, mwani mdogo usioonekana bila hadubini. Jicho halioni umbo lolote, ilhali mwamba karibu wote ni visukuku.