Jina la mahali ni ramani: somo kutoka kwa Wagiriki wa kale

Wanaosoma historia wanajua taabu ya kukariri majina ya Wagiriki wa kale. Mimi huwashauri wadogo zangu wa mwaka wa kwanza hivi: lifungue jina kwanza, ndipo usome tukio. Majina mengi yalitokana na sura ya ardhi. Miaka nitakayotaja ni ya kabla ya Nabii Isa (A.S.).

Kwanza, umbo. Ancona, mji ulioko Italia hadi leo, ulianzishwa na Wagiriki waliotoka Syracuse. Ankon kwao ni kiwiko, na pwani ya hapo imejikunja kama mkono. Zankle, ambayo leo ni Messina huko Sisilia, ina bandari iliyopinda kama mundu. Mwanahistoria Thucydides anaeleza kuwa neno hilo la mundu lilikuwa la wenyeji wa kisiwa. Wagiriki walilikuta wakalichukua.

Pili, maji. Nesos ni kisiwa. Peloponnesos ni "Kisiwa cha Pelops", ingawa nchi hiyo iliungana na bara kwa shingo nyembamba ya ardhi pale Korintho. Je, walikosea? Hapana. Sisi nasi husema Jaziratul-Arab, na jazira ni kisiwa. Kwa lugha zote mbili, nchi iliyozungukwa na maji karibu pande zote ilistahili jina hilo.

Tatu, njia. Thermos ni moto, pylai ni malango: Thermopylae, "Malango ya Moto". Palikuwa na chemchemi za maji moto na njia nyembamba, mlima upande huu, bahari upande ule. Hapo, mwaka 480, Mfalme Leonidas wa Sparta na watu wachache walilizuia jeshi kubwa la Xerxes wa Uajemi kwa siku tatu. Leo mto Spercheios umejaza tope, bahari imerudi nyuma kilomita kadhaa, na palipokuwa na maji pana uwanda. Anayepatazama sasa atauliza kwa nini Waajemi hawakupita pembeni tu. Jina linamjibu: hapa palikuwa lango. Chemchemi nazo bado zinatiririka.

Lakini jina hufutwa pia. Kaskazini mwa Ugiriki kulikuwa na mji wa Krenides, yaani "chemchemi". Mwaka 356 Philip II wa Makedonia aliutwaa akauita Philippi. Jina la kwanza lilimwambia msafiri kwamba kuna maji. La pili lilimwambia nani anatawala.

Kwa hiyo, kila ukutanapo na jina la mahali, uliza: linaieleza ardhi, au linamtukuza mtawala? Jibu litakuonesha nani alilitoa na alitaka nini.

Nawaachia zoezi. Mesos ni kati, potamos ni mto. Chukueni ramani ya Iraq, mtafute Mesopotamia iko kati ya mito ipi.