Somo la Sita: Mtumbwi na Maji ya Kipupwe
Kwa abiria wa Nachingwea na Ruangwa

Kila tunapofika Nachingwea au Ruangwa kutoa elimu ya usalama wa vyombo vya majini, swali la kwanza huwa la utani: wilaya hizi hazina bahari wala ziwa, je, tumepotea njia? Tunalipokea swali hilo kwa furaha, kwa kuwa jibu lake ndilo sababu ya somo hili. Kaskazini upo Mto Mbwemkuru na kusini upo Mto Lukuledi unaomwaga maji yake Lindi. Baada ya masika, mkulima mwenye shamba ng'ambo huvushwa kwa mtumbwi, yeye na gunia lake la ufuta. Aidha, mkazi wa Nachingwea hasafiri Nachingwea pekee. Atafika Lindi na kuvuka kwenda Kitunda. Atapita Masasi, Tunduru na Songea hadi Mbamba Bay kwa ndugu au kwa biashara ya dagaa, na huko atakuta Ziwa Nyasa. Mwezi Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika Wilaya ya Kilwa, msafiri wa bara alikumbushwa kuwa maji yanaweza kumfuata hata barabarani.

Swali la pili huwa zito zaidi, na ndilo tutakalokaa nalo. Wananchi hutuuliza: "Maji ya kwetu hayagandi. Baridi mnayotuhadharisha nayo inatoka wapi?"

Baridi isiyohitaji barafu

Joto la kawaida la mwili wa binadamu ni nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya nyuzi 35, mwili huanza kushindwa kazi zake: viungo hutetemeka, ulimi huwa mzito, maamuzi huharibika, na mwishowe moyo huyumba. Ili hali hiyo itokee hapana haja ya barafu. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayokadiriwa kuwa mara 25 ya hewa yenye joto lilelile. Kwa hiyo maji ya nyuzi 24 au 25, ambayo mtu huyaona mazuri kwa kuoga, humnyang'anya joto pole pole na bila kukoma kwa muda wote atakaokuwa ndani yake. Anayeoga hutoka baada ya dakika kumi. Aliyepinduka na mtumbwi jioni hachagui saa ya kutoka.

Katika nchi za baridi kali jambo hili limechunguzwa kwa kina. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, hufundisha kanuni ya moja, kumi, moja kwa anayetumbukia katika maji yanayokaribia kuganda: dakika moja ya kuidhibiti pumzi, dakika kumi za kuweza kutumia mikono na miguu kwa manufaa, na saa moja kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Namba hizo zisichukuliwe kama zilivyo na kupelekwa Mbwemkuru au Mbamba Bay, kwa maana maji yetu humpa mtu muda mrefu zaidi. Mpangilio wake, hata hivyo, unatufaa: pumzi kwanza, mikono baadaye, fahamu mwisho.

Tuanze na pumzi. Mtu anapotumbukia ghafla katika maji yaliyo baridi kuliko ngozi yake, kifua hushtuka na kuvuta hewa kwa nguvu pasipo hiari. Kadiri maji yanavyokuwa baridi ndivyo mshtuko unavyozidi. Katika maji yetu huwa mdogo, lakini hofu huuongeza. Iwapo kinywa kiko chini ya maji wakati huo, kinachoingia ni maji. Ndiyo maana hata waogeleaji hodari hupotea wakiwa hatua chache kutoka ukingoni, na watu husema amevutwa na jini. Hatukusudii kubishana na imani ya mtu. Tunasema tu kwamba mshtuko huo hupungua baada ya dakika moja hadi tatu, na aliyevaa jaketi okozi huzipitisha dakika hizo kichwa chake kikiwa juu.

Mikono nayo ina hesabu yake. Vidole vikifa ganzi haviwezi kufunga kamba, kubonyeza simu, wala kushika ukingo wa mtumbwi. Jaketi lililowekwa chini ya gunia kwa nia ya kulivaa "mambo yakiharibika" huwa halina msaada tena saa hiyo. Tukiri kosa letu hapa: kwa muda mrefu tumewaambia abiria wahakikishe kuwa chombo kina majaketi, na wengi wametuelewa kuwa yakionekana chomboni yatosha. Jaketi huvaliwa na kufungwa kabla ya kafi la kwanza kugusa maji.

Majira na pepo

Kuanzia Juni hadi Agosti ni kipupwe. Usiku wa Julai hewa ya Nachingwea hushuka chini ya nyuzi 20, na alfajiri, saa ambayo wengi hupenda kuvuka ili wawahi mnada au basi, ndiyo saa yenye baridi kuliko zote. Pwani, kusi huvuma miezi hiyo na bahari huchafuka. Ilikuwa tarehe 18 Julai 2012, katika bahari ya namna hiyo, meli ya MV Skagit ilipozama karibu na Zanzibar. Kama meli hushindwa, mtumbwi wa mti mmoja una nafasi gani? Ziwa Nyasa nalo lina upepo wa kusini-mashariki uitwao mwera, ambao huweza kuinua mawimbi makubwa katika ziwa lililokuwa shwari. Mgeni kutoka bara hulitazama ziwa lililolala asubuhi na kuamini kuwa litalala hivyo mchana kutwa. Mwenyeji akisema leo hatutoki, mgeni asimbembeleze kwa kumwongezea nauli. Utabiri wa bahari na maziwa hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na redioni husikika bila gharama.

Mito ina hatari za aina nyingine. Baada ya mvua kubwa maji hushuka na magogo, huwa na rangi ya udongo, na kina cha jana si cha leo. Viboko na mamba hatuna haja ya kuwaeleza watu wa Kusini.

Kabla ya kulipa nauli

Chombo kinachobeba abiria kwa malipo sharti kikaguliwe na kiwe na cheti. Msimamizi wa usalama wa vyombo hivyo Tanzania Bara ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Tunafahamu kwamba mvushaji wa mtoni mara nyingi ni jirani yako, mtumbwi aliuchonga babu yake, na kumwomba cheti hadharani kunaonekana kama kumdhalilisha. Basi anza na maswali ambayo hata jirani hayamkeri: "Leo umebeba wangapi? Majaketi yapo ya watu wote? La mtoto lipo?" Kisha tazama mwenyewe ukingo wa mtumbwi umebaki juu ya maji kiasi gani. Ukiona kiganja kimoja tu, subiri safari inayofuata.

Mizigo ndiyo inayowaponza wengi wakati wa mavuno. Gunia la kilo 100 lina uzito unaozidi wa mtu mzima, nalo halihesabiwi wanapohesabiwa watu. Tena likilowa huongezeka uzito, likiegemea upande mmoja haliwezi kujirudisha, na mwenye gunia huliangalia gunia badala ya kuangalia maji. Mazao yavushwe peke yake, na mwenyewe avuke safari nyingine. Nauli ya mara mbili inauma. Tunalijua hilo, na hatuoni njia ya kulipamba.

Mama mwenye mtoto mchanga tunamwomba jambo ambalo huenda likamshangaza: afungue mbeleko kabla ya kuingia mtumbwini, ampakate mtoto kifuani. Mtoto aliyefungwa mgongoni huwa chini ya maji mama anapoelea chali, na fundo la kanga iliyolowa halifunguki kwa vidole vyenye ganzi. Mtoto avae jaketi la kipimo chake. La mtu mzima humponyoka. Mabuti ya mpira nayo yavuliwe, kwa kuwa yakijaa maji huzuia miguu kupiga maji. Sweta na nguo nyingine zibaki mwilini, zikiwa zimefungwa vizuri, maana hata zikilowa hupunguza kasi ya joto kutoka.

Mtumbwi ukipinduka

Usiogelee mara moja. Elea chali, tuliza pumzi hadi uweze kusema sentensi nzima, ndipo utafute mtumbwi. Mtumbwi wa mti, hata ukijaa maji, kwa kawaida huendelea kuelea, na mwokoaji huuona mapema kuliko kichwa cha mtu. Ushikilieni, mpandishe juu yake sehemu kubwa ya miili yenu iwezekanavyo, watoto wakitangulia. Mtoni, kaeni upande ambao maji yanatokea ili mtumbwi usiwabane kwenye gogo au jiwe. Aliyechukuliwa na mkondo atangulize miguu mbele, alale chali, na asogee ukingoni kwa mshazari badala ya kupigana na maji.

Ziwani au baharini, ambako msaada unaweza kuchelewa, mwenye jaketi akunje magoti kifuani na kubana mikono ubavuni, kwa kuwa kwapa, kifua na kinena hupoteza joto haraka. Mkiwa wengi, kumbatianeni, mdogo awe katikati. Kuogelea ovyo "ili kupata joto" huondoa joto zaidi ya linalopatikana.

Aliyeokolewa bado hajapona

Hapa ndipo huruma yetu hukosea. Mtu ametolewa majini, anatetemeka, watu wanamsimamisha, wanamsugua mikono na miguu, wanamketisha jirani na moto mkali, na mwenye nia njema kuliko wote anamletea gongo. Yote hayo yana madhara. Aliyekaa majini muda mrefu alazwe, maana kusimamishwa ghafla kunaweza kushusha shinikizo la damu na kumfanya azirai, hata kufa. Kumsugua kunaweza kuumiza ngozi iliyokufa ganzi na kuusumbua moyo uliokwisha dhoofika. Pombe hupanua mishipa ya ngozi, hivyo hutoa joto lililobaki.

Mkingeni na upepo kwanza. Mvueni nguo zilizolowa, mkausheni kwa kitenge kikavu bila kumsugua, mfunikeni blanketi pamoja na kichwa, na mtu mwenye joto alale ubavuni pake. Akiwa na fahamu kamili na anaweza kumeza, apewe chai ya sukari au uji. Aliyeacha kutetemeka huku akiongea kama mlevi yuko katika hatari kubwa kuliko anayetetemeka. Huyo apelekwe hospitali bila kusubiri kukuche. Asiyepumua aanzishiwe mara moja kupuliziwa hewa na kukandamizwa kifua na mwenye kujua, wala asihesabiwe kuwa amekufa kwa sababu tu ni wa baridi.

Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya Polisi ni 112. Wekeni simu katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na kabla ya kuvuka mwambieni mtu aliyebaki ukingoni mko wangapi, mnakwenda wapi, na saa ngapi mkitoonekana aanze kupiga. Chombo kilichokataa kuwapa majaketi au kilichojaza kupita kiasi, andikeni jina lake, mahali na saa, mkaripoti kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya TASAC iliyo karibu. Taarifa itakayotufikia kabla ya ajali tunaweza kuifanyia kazi kivukoni, mtumbwi ukiwa bado umefungwa.