Ukitaka Kumtolea Filamu Dada wa Kazi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya yanawahusu vijana wa Iringa na Mbeya wanaoshika kamera. Hadithi ya msichana aliyemaliza darasa la saba Kilolo, Mufindi au Rungwe, kisha akapandishwa basi kwenda Dar es Salaam kulea watoto wa watu, ni yetu, na siku moja mmoja wenu ataitengeneza. Ataambiwa aige Roma, filamu ya Alfonso Cuarón wa Meksiko iliyotwaa Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 2018 na tuzo tatu za Oscar mwaka uliofuata. Itazame. Kisha usiiige.

Usitishwe na tuzo. Roma inapendeza macho, na Cuarón aliitoa kwa heshima ya Libo, mwanamke aliyemlea. Upendo wake kwa Libo siutilii shaka. Lakini aliyelelewa hawezi kuyasimulia maisha ya mlezi kwa kumbukumbu zake za utotoni peke yake. Saa mbili na robo zinapita, na bado hujui Cleo, mfanyakazi wa ndani ambaye filamu inamhusu, anataka nini duniani. Anafua, anabeba, anaitikia. Habari kwamba mama yake amenyang'anywa ardhi inapita kwa maneno machache, na kijiji chake hatukanyagi kamwe.

Mpe maneno. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1966 Sembène Ousmane wa Senegal alitoa La Noire de..., filamu ya kama saa moja tu, kuhusu Diouana, msichana wa Dakar aliyepelekwa Antibes, Ufaransa, kufanya kazi za ndani. Mbele ya mabosi wake hasemi karibu lolote, ila sisi tunayasikia mawazo yake: hasira yake, aibu yake, hamu yake ya kuuona mji ambao hapewi nafasi ya kuutembelea. Watetezi wa Roma husema dada wa kazi ni mkimya kweli. Ni mkimya mbele ya bosi. Mfuate bombani anapokutana na mwenzake wa geti la pili, wakiongea Kihehe, Kibena au Kinyakyusa, utasikia habari za mshahara, tabia za baba mwenye nyumba, na mpango wake wa kuondoka. Roma ina dakika chache za namna hiyo, Cleo na Adela, mfanyakazi mwenzake, wakizungumza Kimixteki chumbani. Dakika hizo zilistahili kuwa filamu nzima.

Usimsafishe bosi kwa kumbatio. Cleo, aliyempoteza mtoto wake wakati wa kujifungua, anaingia baharini bila kujua kuogelea ili kuwaokoa watoto wa tajiri wake. Familia inamkumbatia mchangani na kumwambia inampenda, na picha ile ndiyo iliyobandikwa kwenye matangazo duniani kote. Wanarudi nyumbani, naye anarudi kwenye nguo chafu. Kinachoniuma ni kwamba Cuarón aliona kila kitu. Aliona Cleo akikaa na familia mbele ya televisheni, mkono wa mtoto begani mwake, na papo hapo akitumwa chai ya daktari, baba mwenye nyumba. Aliona wafanyakazi wakizima taa na kuwasha mshumaa ili bibi wa familia asilalamikie umeme. Aliona hospitalini yule bibi aliyeishi na Cleo nyumba moja akishindwa kutaja tarehe yake ya kuzaliwa. Baada ya kuonyesha hayo, anatutaka tulie kwa kuguswa na wema wa familia. Mimi siwezi.

Taja mshahara. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha Sh60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa kaya ya kawaida anayelala kwa mwajiri, na Sh120,000 kwa asiyelala hapo. Mtazamaji ajue huyu wako analipwa ngapi, kwa mkono wa nani, na zile anazoambiwa "nakutunzia" atazishika lini. Onyesha saa anayoamka na saa anayolala. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki. Akipata mimba, usimpakie tu kwenye basi la kurudi Iringa ukahamia tukio lingine. Sheria hiyohiyo inampa likizo ya uzazi ya siku 84. Aliyemnyima aonekane usoni.

Lafudhi ya kwetu isiwe kichekesho. Na jina la "beki tatu" analobandikwa dada wa kazi walitamke wahusika wanaomdharau, kamera isilikubali.

Usimuue mwishoni. Diouana anajiua, na Sembène aliichota hadithi hiyo kwenye tukio halisi lililoandikwa gazetini. Wewe huna ruhusa hiyo. Nchi hii imewatania Wahehe kwa kujiua hadi watu wameacha kuona kwamba kuna misiba nyuma ya utani huo. Muache msichana wako aishi, akasirike, adai chake.

Anza nyumbani kwao. Tuone baridi ya Mufindi, kuni, mashamba ya chai, mzazi aliyekubali na kwa nini alikubali, na dalali anayelipwa kwa kila msichana anayemteremsha mlima wa Kitonga. Tuone kazi alizokuwa akizimudu kabla hajaitwa mshamba.

Ukimaliza, usikimbilie tamasha la filamu la Zanzibar. Pata ukumbi Mafinga, mwingine Tukuyu, uwaite wanawake waliowahi kufanya kazi hiyo, na nauli yao utoe wewe. Aliyekusimulia maisha yake mlipe, na akiridhia, jina lake liandikwe kando ya lako kama mtunzi. Wakisema kipande fulani ni uongo, kikate, hata kama ndicho ulichokipenda kuliko vyote.