Somo Kutoka Zambia: Mlango Uliofungwa Mulungushi

Ndugu wafanyakazi, katika somo hili tunatazama jambo lililotokea kwa jirani zetu wa Zambia mwaka 1978. Viongozi waliotaka kugombea nafasi ya juu katika chama kilichotawala walizuiwa. Tunataka kujua mambo matatu: walizuiwaje, wananchi walijibu nini, na sisi wa viwandani na mashambani tunapata funzo gani.

Hali ya nchi

Zambia ilipata uhuru mwaka 1964 chini ya chama cha UNIP na Rais Kenneth Kaunda. Simon Kapwepwe alikuwa rafiki wa Kaunda tangu utotoni huko Chinsali, na alikuwa Makamu wa Rais kuanzia 1967 hadi 1970. Mwaka 1971 alijitenga akaanzisha chama chake, UPP. Februari 1972 chama hicho kilipigwa marufuku na Kapwepwe akawekwa kizuizini. Baadaye nchi ikawa ya chama kimoja. Mzee Harry Nkumbula, aliyeongoza chama cha ANC, aliingia UNIP mwaka 1973. Kapwepwe naye alirudi mwaka 1977.

Siku hizo maisha yalikuwa magumu. Zambia ilitegemea shaba kwa karibu fedha zake zote za kigeni, na bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Mpaka wa kusini na Rhodesia ulikuwa umefungwa tangu 1973, kwa sababu ya vita vya ukombozi. Mizigo ilipitia reli ya TAZARA na bandari ya Dar es Salaam, ambako ilirundikana. Madukani sabuni na mafuta ya kupikia viliadimika. Mfanyakazi alipokea mshahara ule ule, lakini kapu lilirudi nyumbani nusu tupu.

Walizuiwaje?

Katiba ya nchi ilisema kwamba atakayechaguliwa na mkutano mkuu wa UNIP ndiye atakayekuwa mgombea pekee wa urais. Kwa hiyo mlango wa Ikulu ulikuwa ndani ya chama. Kapwepwe, Nkumbula na mfanyabiashara Robert Chiluwe walitangaza kwamba watagombea.

Mkutano ulikutana Mulungushi, karibu na Kabwe, mwezi Septemba 1978. Kabla ya uchaguzi, masharti yalibadilishwa. Mojawapo lilisema kwamba mgombea lazima awe mwanachama kwa miaka mitano. Kapwepwe alikuwa amerudi mwaka mmoja tu. Masharti hayo yaliwaacha wapinzani wote nje, na Kaunda akabaki peke yake. Kapwepwe na Nkumbula walikwenda Mahakama Kuu, wakashindwa.

Tuangalie vizuri jambo hili. Hawa hawakushindwa kwa kura. Hakuna mjumbe aliyeulizwa, "Unamtaka nani?" Kanuni ndiyo iliyowashinda, na kanuni iliandikwa mchezo ukiwa umekwisha kuanza.

Wananchi walijibu nini?

Desemba 1978 wananchi waliitwa kupiga kura ya ndiyo au hapana kwa mgombea mmoja. Kati ya kila watu 100 waliopiga kura, zaidi ya 80 walisema ndiyo. Ukisikia hesabu hiyo peke yake utadhani nchi nzima iliridhika. Lakini tufanye hesabu kama tunavyohesabu karatasi ya mshahara. Kati ya kila watu 100 walioandikishwa, kama 33 hawakwenda kupiga kura. Waliosema ndiyo walikuwa nusu na kidogo tu ya walioandikishwa.

Hatusemi kwamba Kaunda hakuwa na watu. Alikuwa nao wengi, na msimamo wake juu ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika uligharimu nchi yake sana. Wala hatusemi kwamba Kapwepwe na wenzake walikuwa watetezi wa wafanyakazi. Tunachosema ni kwamba swali la wananchi halikupata mahali pa kuulizwa, na swali lililozuiwa mlangoni hutafuta dirisha.

Dirisha hilo lilikuwa vyama vya wafanyakazi. Januari 1981 viongozi 17 wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi na wa chama cha wachimba migodi walifukuzwa UNIP, baada ya kupinga mpango wa kuweka miji ya migodi chini ya mabaraza ya chama. Wachimba migodi wa Copperbelt waligoma. Julai mwaka huo mwenyekiti wa shirikisho, Frederick Chiluba, aliwekwa kizuizini pamoja na wenzake, mpaka mahakama ilipowaachia. Desemba 1986 bei ya unga wa mahindi ilipandishwa, ghasia zikazuka na watu wakauawa. Serikali ikairudisha bei. Juni 1990 bei ilipandishwa tena, na ghasia zikazuka tena. Oktoba 1991, katika uchaguzi wa vyama vingi, Chiluba alipata kura kama 76 katika kila 100. Kaunda alipata 24.

Somo halikuishia hapo

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwaka 1996 serikali ya Chiluba ilibadilisha katiba ili mgombea urais awe mtu ambaye wazazi wake wote wawili ni Wazambia. Wazazi wa Kaunda walitoka Malawi. Aliyefungia wenzake mlango kwa kanuni mwaka 1978 akafungiwa mlango kwa kanuni.

Mwaka 2001 Chiluba naye, aliyetoka katika chama cha wafanyakazi, alitaka muhula wa tatu. Chama chake, MMD, kilikubali kubadilisha masharti na kikawafukuza waliopinga. Safari hii wananchi hawakungoja. Makanisa, wanasheria na vikundi vya akina mama viliungana. Watu walivaa utepe wa kijani na kupiga honi za magari barabarani. Mwezi Mei Chiluba alitangaza kwamba hatagombea.

Funzo kwetu

Kwanza, kanuni za uchaguzi zibadilishwe mapema, kabla wagombea hawajajulikana. Anayebadilisha kanuni baada ya kumwona mpinzani wake anamchagulia mwanachama.

Pili, ukimya wa wanachama si ridhaa. Tawi ambalo hakuna anayeuliza swali huenda ni tawi lililokata tamaa.

Tatu, mtu kutoka kwetu si dawa. Chiluba alikuwa mwenzetu, akajaribu njia ile ile. Tusimlinde mtu, tuilinde katiba ya chama.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Je, tawi lenu lina nakala ya katiba ya chama? Nani anaitunza, na mwanachama wa kawaida anaweza kuisoma?

2. Katika uchaguzi uliopita, masharti ya wagombea yalitangazwa lini, kabla au baada ya majina kujulikana?

3. Ni wanachama wangapi hawakupiga kura? Je, kuna aliyewauliza sababu?

4. Kwa nini wananchi wa Zambia walifaulu mwaka 2001 jambo ambalo halikuwezekana 1978?