Mahindi chotara ya mwaka jana yasirudi shambani

Mvua za kwanza zinapoikaribia Likasi, Katanga, nyumba nyingi zimeshaweka kando gunia la magunzi makubwa ya msimu uliopita, yawe mbegu ya Novemba. Ikiwa mahindi hayo yalizaliwa na mbegu chotara ya dukani, gunia lote lipelekwe kwenye mashine likasagwe unga wa bukari. Bei ya mbegu mpya inauma, hasa kwa mwenye nusu hekta, lakini hasara ya kuyapanda tena ni kubwa zaidi, na chanzo chake kimo ndani ya seli za mmea wenyewe.

Kila seli ya mzizi, shina na jani la mahindi ina kromosomu 20, nyuzi zinazobeba maagizo ya urithi. Zimepangwa jozi 10: katika kila jozi, uzi mmoja ulitoka kwa baba na mwingine kwa mama. Seli ya aina hiyo huitwa diploidi. Mmea unapotengeneza chavua kwenye ua dume kileleni, na mayai ndani ya gunzi changa, jozi huachana. Chavua hubeba kromosomu 10 tu, moja kutoka kila jozi. Yai nalo 10. Hizo ndizo haploidi. Chavua ikitua kwenye unywele wa gunzi na kulifikia yai, 10 na 10 hurudi kuwa 20, na punje huanza kukua. Kila punje ina unywele wake na chavua yake, kwa hiyo punje za gunzi moja zinaweza kuwa na baba tofauti.

Wazalishaji wa mbegu chotara huanza na koo mbili za mahindi zilizochavushwa zenyewe kwa vizazi vingi, hadi nyuzi mbili za kila jozi zinafanana kabisa. Ukoo kama huo, ukigawa nusu yake, hutoa nusu ileile daima. Ndiyo maana koo hizo mbili zikichavushana, watoto wao hulingana urefu na hutoa maua kwa pamoja; na kwa kuwa nyuzi zao zimetoka koo tofauti, hupata nguvu ya ziada na kubeba magunzi mazito.

Mtoto chotara mwenyewe hana jozi zinazofanana. Kwa jozi 10, chavua yake inaweza kupangwa kwa njia 1,024, na yai lake vilevile, mbali na vipande ambavyo kromosomu hubadilishana kabla ya kuachana. Michanganyiko inapita milioni moja. Shamba linalotoka humo huwa na mimea mirefu na mifupi, magunzi yaliyojaa na yenye mapengo. Kwa chotara wa koo mbili, nusu ya ile nguvu ya ziada hupotea katika kizazi cha kwanza tu cha kurudiwa, hata mbolea ikiwa ileile.

Kuzisafisha koo za wazazi kwa kuzichavusha zenyewe huchukua misimu sita au zaidi. Huko Kiboko, Kenya, tangu 2013 kuna kituo cha CIMMYT, shirika la kimataifa la utafiti wa mahindi na ngano, na taasisi ya kitaifa ya utafiti wa kilimo, kinachofupisha njia hiyo: hupata mimea haploidi yenye kromosomu 10, kisha huzirudufu kwa dawa iitwayo kolkisini. Misimu miwili au mitatu inatosha kupata ukoo safi. Kazi hiyo ni ya maabara, na dawa yenyewe ni sumu.

Asiyeweza kununua mbegu kila mwaka ana njia nyingine nzuri: aina ya uchavushaji huru, yaani ambayo mimea yake huchavushana yenyewe kwa upepo, kama Unilu inayojulikana Katanga. Hiyo huhifadhiwa, mradi magunzi yachukuliwe kwenye mimea mingi yenye afya, zaidi ya mia, katikati ya shamba. Shamba la mbegu likae mita 200 mbali na mahindi ya jirani, au lipandwe wiki tatu hadi nne kabla au baada yake, kwa maana chavua husafiri na upepo. Punje za njano zikionekana kwenye gunzi jeupe, chavua ya jirani imeshaingia. Sehemu ya punje inayotoa unga ina seti tatu za kromosomu, mbili za mama na moja ya baba, na hiyo moja inatosha kubadili rangi.

Kabla ya kulipa, mkulima amuulize muuzaji swali moja: mbegu hii ni chotara au ya uchavushaji huru? Karatasi ya mfuko aitunze hadi mavuno.