NILIKUWA NAMTANIA TU: MANENO YA KIINGEREZA YA KUUDHI NA KUCHOKOZA



 

Ndugu mwanafunzi, somo hili ni la lugha, lakini ndani yake mna adabu. Vijana wawili wanapotenganishwa uwanjani, mmoja husema, "Nilikuwa namtania tu." Mwenzake husema, "Amenichokoza." Tendo ni moja, majina mawili. Je, nani mkweli? Tuyapange maneno haya kwa daraja, pamoja na Kiingereza chake tunachokutana nacho shuleni.

1. KUTANIA

Kiingereza husema "to tease". Zamani neno hili lilikuwa na maana ya kuchambua sufi ya kondoo, kama tunavyochambua pamba hapa Mara. Mtu anavutwa kidogo kidogo, lakini hachanwi. Pia wapo wanaosema "to pull someone's leg". Usitafsiri kuwa ni kumvuta mtu mguu! Maana yake ni kumtania kwa kumdanganya kidogo ili mcheke. Mfano: "Don't worry, I am only pulling your leg."

Watanzania tunaujua utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya 19, na leo ni watani. Lakini utani una masharti: wote wawili wanaukubali, na wote wawili wanacheka. Neno "mura" kwa Kikurya ni kijana. Likitoka kwa rafiki, ni la upendo. Likitoka kwa mtu anayebeza kabila la mwenzake, si utani tena.

2. KUUDHI NA KUKERA

Hapa tunatumia "to annoy" na "to irritate". Moshi wa kuni unapowasha macho, Kiingereza husema "smoke irritates the eyes". Basi mtu anayekukera ni kama moshi huo: hakuumizi sana, ila hakuachi utulie. Nahau yake ni "to get on someone's nerves". Mfano: "His noise gets on my nerves."

Angalia kosa linalowapata wengi. "I am annoyed" maana yake nimeudhika. "I am annoying" maana yake mimi ni mtu wa kuudhi wengine! Na kumbuka: tunasema "annoyed with" kwa mtu, na "annoyed about" kwa jambo.

3. KUCHOKOZA

Hili ni "to provoke". Lina asili ya Kilatini, nalo ni kuita kitu kitoke nje. Na Kiswahili chetu? Kuchokoza kuna uhusiano na kuchokoa, yaani kuchimbua kitu kwa kijiti. Mchokozi anajua hasira imo ndani, naye anaichimbua itoke. Akifanya hivyo kwa maneno ya dharau, hiyo ni "to taunt".

Wapo Waingereza wasemao "like a red rag to a bull", yaani kama kitambaa chekundu mbele ya fahali. Lakini ng'ombe hawaioni rangi nyekundu kama tunavyoiona sisi. Kinachomkasirisha fahali ni kile kitambaa kupepewapepewa. Hata mwanadamu, mara nyingi si neno moja linalomkasirisha, bali kurudiwarudiwa.

4. KUCHOCHEA

Huyu hagombani, anagombanisha. Kiingereza husema "to incite" au "to egg someone on". Hiyo "egg" si yai. Ni neno la kale la watu wa kaskazini mwa Ulaya lenye maana ya kuchochea. Nahau nyingine ni "to add fuel to the fire", na hapa lugha mbili zimekutana, kwani nasi huchochea kuni mafigani.

NANI ANAWEKA MPAKA?

Ndugu mwanafunzi, mpaka kati ya utani na uchokozi hauwekwi na ulimi wa msemaji peke yake. Unawekwa pia na moyo wa anayeambiwa. Mwenzako asipocheka, utani umekwisha. Wahenga walisema: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah (S.W.) anatukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Na katika Sahihi Bukhari imepokewa kuwa Abu Dharr (R.A.), pamoja na cheo chake, alimtukana mtu kwa mama yake. Mtume (S.A.W.) alimkemea na kumwambia kuwa bado ana ujahiliya ndani yake.

Na wewe uliyechokozwa, usidhani umepewa ruhusa. Sheria ya Tanzania, Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 201 na 202, inalitambua neno "provocation". Aliyeua kwa hasira ya ghafla baada ya kuchokozwa, kabla hasira haijapoa, anahesabiwa ameua bila kukusudia. Lakini hata hilo ni kosa, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Uchokozi unapunguza kosa, haulifuti. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu mieleka, bali ni yule anayeizuia nafsi yake anapokasirika. Aliyesimama na akaghadhibika, akae. Hasira isipoondoka, alale.

MAZOEZI

Jaza nafasi kwa neno moja: annoyed, provoke, leg.
(a) Do not ______ the bull.
(b) My mother is ______ with me.
(c) He was pulling my ______ and we both laughed.

Kisha muulize mzazi wako: ni neno gani uliwahi kumwambia mtu kwa mzaha, ukajuta? Sikiliza jibu lake kwa adabu.

Majibu: (a) provoke (b) annoyed (c) leg.